Nilisema Yuko Mzima

Masengo mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua: nimekuona saa nane hii ukitoka na kitenge kipya kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, ukicheka mpaka barabarani. Yangu ndiyo mbaya. Nimekaa na kalamu kwenye meza uliyofanyia kazi zako za shule, na nataka niwe nimemaliza kabla hujarudi. Nikikuona uso nitaikunja barua hii niitie mfukoni, na kesho alfajiri nitakupungia mkono kwenye basi la Mansa kama baba mwema.

Habari za chandarua na sabuni sitakuandikia. Mama yako ameyasema hayo tangu Jumapili, na sasa hivi yuko uani anakufungia chisense, visamaki vyetu vya ziwani, kana kwamba Mansa hakuna soko. Mimi nina neno moja tu, nimelibeba miaka kumi na miwili. Nyumba unayokwenda kulala kesho, sina haki ya kukupeleka.

Si kwamba mwenye nyumba ni mtu mbaya. Mama Feza ni mwema kuliko mimi, na hapo ndipo shida ilipo. Leo asubuhi alinipigia simu, sauti yake imejaa furaha.

"Papa Masengo, ule mutoto nimeshamununulia matela," akaniambia. "Hapana kulipa kitu. Ile muzuri ulinifanyia kule Nchelenge siwezi kuisahau."

Nikamshukuru kwa godoro hilo. Nikakata simu, nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama yako alidhani tumbo linaniuma.

Unalikumbuka daftari langu la Kiingereza? Nililinunua sokoni Kashikishi mwezi ule ule tulipovuka ziwa kutoka Kongo kuja hapa Nchelenge. Nilikuja huku na Kiswahili, Kiluba na Kifaransa cha shule, na hapa vyote vitatu havikunifungulia mlango wa ofisi yoyote. Kiingereza nilijifunza mtu mzima, kwa ukaidi. Niligundua kwamba Waingereza wana vitenzi vichache vya kila siku, vinavyofanyishwa kazi kama punda wa kijiji kizima, na kwamba kukijua kitenzi chenyewe si kitu mpaka ujue kinakwenda na nini. Basi nikakipa kila kitenzi ukurasa wake. Ulioupenda wewe ni ukurasa wa break, yaani kuvunja. Ulikuwa hulali kabla hujauliza, "Papa, leo wanavunja nini?"

Nilikuambia wanavunja barafu, maana yake wageni wasiojuana wanaanza kuzungumza. Wanavunja ukimya. Wanavunja neno lao, kama sisi tunavyovunja ahadi. Wanavunja mkate, na hiyo hata Biblia inaijua. Wanavunja mioyo, nasi tunavunja mioyo, ingawa ya kwao huvunjwa na mapenzi na ya kwetu huvunjwa hata na mwalimu wa hesabu. Siku niliyokuambia kwamba mtu akienda jukwaani wanamtakia heri kwa kumwambia avunje mguu, ulikaa kitako kitandani. "Papa," ukasema, "hawa bantu ni balozi." Balozi wa kwetu, yaani wachawi. Tulicheka mpaka mama yako akaja kuzima taa.

Lakini katika ukurasa ule kuna mstari mmoja uliopakwa wino mweusi, mwingi, mpaka karatasi imetoboka. Uliuliza ulipokuwa na miaka kumi kwa nini nimeupaka. Nikasema nilikosea kuandika. Sikukosea. Niliuandika sawasawa, kwa mwandiko mzuri, na niliuandika nikiwa nimefurahi. Mstari ule ulisema kuvunja habari. Waingereza husema hivyo kwa mtu anayempelekea mwenzake habari nzito ambayo bado hajaijua. Sikiliza nilivyoupata msemo huo.

Ulikuwa na miaka saba. Watu walikuwa wanavuka ziwa kwa wingi, na ofisi moja iliyokuwa ikiwaandikisha ilitafuta mkalimani. Nilikuwa na wiki moja tu kazini. Viatu nilivyovaa niliazima. Mama Feza alikuwa amevuka na mumewe na binti yao Feza, mliyelingana naye umri, mkicheza pamoja kwenye mchanga. Mumewe alirudi ng'ambo kuchimba mihogo aliyoiacha shambani, kama wanaume wengi walivyofanya. Huko akaugua. Jumatatu moja ndugu zake wakapiga simu ofisini: amefariki, mwambieni mkewe aje, tunamngoja kumzika.

Bwana wa ofisi, mtu wa Lusaka, mpole, akaniita ndani akanieleza kwa Kiingereza, kisha akatumia maneno hayo: nenda wewe ukamvunjie habari. Nilielewa. Nataka hili ulijue vizuri, kwa sababu kwa miaka mingi nimejaribu kujidanganya kwamba Kiingereza changu kilikuwa kichanga. Nilielewa kila neno.

Nikatoka nje. Mama Feza alikuwa kwenye benchi, jirani mmoja anamsuka, nusu ya kichwa imekwisha na nusu bado. Na wewe umekulia kwetu, unajua habari ya kifo inavyopelekwa. Haisemwi njiani, haisemwi kwa mtu mmoja peke yake. Anayeileta anavua viatu, anakaa chini. Wanawake wa ukoo wanakuja kwanza, wanamzunguka. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, na kwa jinsi watu walivyomkalia karibu anaanza kujua mwenyewe, mpaka neno lenyewe linapofika linamkuta ameshikwa mikono. Ni desturi nzuri. Haijamdanganya mtu yeyote tangu mababu, kwa sababu aliyeanza kusema amezidiwa haondoki mpaka yamesemwa yote.

Mama Feza hakuwa na ukoo upande huu wa ziwa. Ukoo wake siku ile ulikuwa mimi. Nami nilisimama, viatu vya kuazima miguuni, nikasema, "Bwana yako amezidiwa. Inafaa uende kumuona."

Alinitazama. Yule jirani akaacha kusuka.

"Iko muzima?" akauliza.

"Iko muzima."

"Papa Masengo. Iko muzima?"

"Iko muzima, mama. Iko mugonjwa tu."

Nikarudi ndani. Bwana wa ofisi akauliza kama nimemwambia, nikasema nimemwambia. Akasema nimefanya vizuri, kazi hii si kila mtu anaiweza, akawapigia simu wale wa ng'ambo: mjane ameshaambiwa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ofisi kunisifu katika nchi hii. Jioni nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, nikafungua daftari, nikaandika msemo mpya niliojifunza siku hiyo. Ndiyo furaha niliyokuambia. Naiona aibu mpaka leo, tena leo zaidi ya jana.

Mtu anayekwenda kwa mgonjwa hujiona ana muda. Mama Feza alimaliza kusukwa. Alitafuta kuku siku mbili. Alikwenda zahanati kuomba dawa. Alhamisi akapanda boti na Feza, amevaa kitenge chake cha manjano, kile kinachovaliwa kumfurahisha mume, na sufuria ya kuku amepakata mapajani. Walipofika walikuta kaburi. Walimngoja siku mbili, wakazika.

Hebu waone wakwe zake. Wao wanajua ameambiwa, ofisi imewathibitishia. Wanamwona anashuka botini na nywele mpya na nguo ya sherehe, anawapungia mkono anacheka, anauliza mgonjwa yuko chumba gani. Wakasema mwanamke huyu amekuja kututukana. Wengine wakasema mabaya zaidi. Hawakumpa mkeka wa kukalia. Wakamnyoa zile nywele mbichi, na kwa sababu kwao mtoto ni wa ukoo wa baba, wakamshika Feza.

Lakini mzee mmoja wao alikuwa na haki. Alimwambia: kama ni kweli uliambiwa ni mgonjwa, mlete aliyekuambia aseme mbele yetu, nasi tutakupa mwanao.

Akarudi Nchelenge peke yake, kichwa kinang'aa, akaja moja kwa moja kwangu. Wewe ulikuwepo. Ulimuuliza Feza yuko wapi, mama yako akakuvuta ndani.

"Tuende pamoja," akaniambia. "Ni siku mbili tu, Papa Masengo. Useme tu ile uliniambia."

Masengo, nilichotakiwa kusema ni sentensi moja. Mtoto angerudi kwa sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na nyingine nyuma yake, kwamba nilijua, na kwamba nilimwambia bosi wangu nimefanya nisilofanya. Niliuona ukoo mzima wa wenye msiba umenizunguka. Niliiona kazi inakwenda. Nikaisingizia ofisi, nikamwambia, "Miye pia, biro iliniambia iko mugonjwa. Sina kitu ya kusema kule."

Akaniamini. Akanishika mkono, akaniomba radhi kwa kunisumbua! Nikampa gunia la samaki wakavu aanzie biashara, na nauli ya kwenda Mansa, ambako alisikia kuna watu wa kwao. Ile muzuri anayoisema kwenye simu ndiyo hiyo. Mshahara wa kazi ile ndio uliokulipia shule tangu darasa la kwanza. Kosa si lako hata chembe, usije ukalibeba. Nakuambia kwa sababu ukilisikia kwa mwingine utadhani nilikuficha na hilo.

Feza yuko ng'ambo mpaka leo, ni mtu mzima kama wewe. Mama yake amempigia simu mara nyingi. Hapokei. Aliwahi kumtumia ujumbe mmoja tu, kwamba hana neno na mwanamke aliyekuja kwenye kilio cha baba yake akicheka. Watu wote Mansa wanamwita Mama Feza, na kila wanapomwita wanalitaja jina la mtoto huyo.

Utajiuliza mama yako anajua nini. Anajua yote, tangu mwaka jana. Nilimwambia siku Mama Feza aliposema atakupokea. Akasema, "Acha ile maneno. Ule mama iko sawa sasa, iko na biashara yake. Unataka kumufungulia kidonda juu ya nini?" Usimlaumu. Alikuwa ananilinda mimi, na chumba chako. Nami nilifurahi kuambiwa niache. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilificha kilio chenyewe, na kimekaa kikinila taratibu.

Nimefikiri sana niliharibikia wapi. Nadhani si kwenye lile benchi. Niliharibikia kabla. Mkalimani hupendwa na pande zote akilainisha maneno. Mtu akitukana, nilikuwa natafsiri kwamba bwana huyu hakuridhika. Ofisa akisema hapana, nilisema subirini kidogo. Wote waliondoka wakitabasamu, na mimi nilijiona nina akili kuliko wote wawili. Ukizoea kutia sukari kila kitu, siku ya dawa chungu mkono wenyewe unakwenda kwenye sukari.

Sasa wewe unakwenda kusomea uuguzi. Siku moja daktari atakuwa na haraka, atakuambia toka nje ukamwambie yule mama. Utavaa viatu vizuri na kanzu nyeupe. Sitakufundisha useme vipi, mimi ni mtu wa mwisho wa kukufundisha hilo. Nitakupa tu nilichokiona. Mama Feza aliponiuliza mara ya pili, ule upande wa nywele usiosukwa alikuwa ameushika kwa vidole. Alikuwa ameshajua. Hakuwa anauliza kitu, alikuwa ananiomba ruhusa ya kulia, nami nikamnyima. Nikamrudisha sokoni akatafute kuku.

Sasa nikuambie nilichokuwa nimekusudia, unidharau vizuri. Nilipoanza kuandika saa nane, mpango ulikuwa kwamba hii barua uibebe wewe. Ufike Mansa, umsalimu, umsomee kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha umpe. Nilijisifu kwamba angalau nimeandika. Nimefika hapa tulipo, mama yako akanipitia dirishani na gunia la chisense, akaniuliza begi lako jingine liko wapi, na nikaona ninachofanya. Namtuma mtu mwingine, peke yake, kwa mwanamke yule yule, akiwa na habari isiyo yake. Ungefika umechoka na safari, akakupakulia ugali wa bukari, akakuonyesha matela yake mapya. Wewe ndiye ungekaa umeshika karatasi, na mimi niko hapa Nchelenge nangoja simu. Miaka kumi na miwili, na nilikuwa naelekea kufanya lile lile kwa mtoto wangu.

Nimeinuka, nimekwenda uani. Nimemwambia mama yako kesho tunapanda basi wawili.

Alisimama na kamba mkononi. Nilidhani atalia, au atanitukana, na vyote viwili vingekuwa halali. Akafunga fundo la gunia, akalivuta kwa meno. Kisha akasema, "Basi toa ile shati niifule. Hauwezi kuenda kwa mutu na shati chafu." Sasa hivi namsikia akilipiga kwenye jiwe, kwa nguvu kuliko shati linavyostahili. Imekaribia saa kumi na moja. Naogopa, Masengo. Naogopa zaidi ya siku tuliyovuka ziwa.

Barua hii utaikuta juu ya begi lako. Isome peke yako, kisha uamue. Kama hutaki kukaa karibu nami kwenye basi, kaa mbele na dereva, sitauliza. Kama hutaki hata kuja nami nyumbani kwake, ubaki stendi na mizigo mpaka nirudi. Anaweza kutufukuza wote wawili, na chumba kikaenda. Tukifukuzwa tutatafuta kingine, hata cha bati, na nitauza baiskeli. Anaweza pia kukupokea wewe akanikataa mimi. Hilo likitokea usinitetee. Ukae, usome, umsaidie kupanga samaki sokoni asubuhi, na umwache aseme juu yangu chochote anachotaka.

Na daftari nimelitia ndani ya begi, chini ya sare zako. Ni lako sasa. Ule mstari wenye wino usijaribu kuusafisha, karatasi itachanika. Nimeuandika upya chini yake.

Kesho mchana, Mungu akitufikisha, nitavua viatu mlangoni kwa Mama Feza. Nitakaa chini kabla hajanikaribisha kiti. Nitamwambia kwamba siku ile, pale kwenye benchi, mumewe alikuwa amekwisha kufa, na kwamba nilijua. Akitaka, tutavuka ziwa nikaseme hivyo hivyo mbele ya wakwe zake na mbele ya Feza, hata kama yule mzee ameshafariki. Sitaondoka mpaka yamesemwa yote. Namjua Mama Feza, ataniuliza mara mbili. Nitamjibu mara mbili.

Nasikia sauti yako barabarani.

Papa